Mkia wa Wimbo wa Mazishi

Ni mimi niliyeongeza mkia ule. Nimelikana jambo hili kwa zaidi ya miaka thelathini: mbele ya baba yangu, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya dada yangu mara mbili, na mara moja, bila hata kuulizwa, mbele ya daktari wa meno aliyetaka kujua tu kwa nini meno yangu ya mbele yamelala kidogo kwa ndani. Naliandika sasa kwa sababu limekwisha kuamuliwa, na mwandishi wa insha hana kawaida ya kuitupa aibu aliyoihifadhi muda mrefu hivyo.

Baba yangu aliongoza bendi ya matarumbeta ya kanisa letu, kijijini Buteba, upande wa Uganda. Harusi zikipatikana bendi ilipiga harusini, lakini kazi yake hasa ilikuwa mazishi. Ilitangulia jeneza kutoka mlangoni hadi kaburini, tromboni mbele, ngoma kubwa nyuma. Na palikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyefundishwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka wakati ambao hakuujua. Tromboni ikianza wimbo wa polepole peke yake, kila mtu husimama, wanaume huvua kofia, na hakuna anayeketi mpaka ngoma igongwe mara mbili. Ikigongwa mara moja, bado. Nimewaona watu wazima wakisimama juani kwa nusu saa kwa sababu mpiga ngoma alikwenda kujisaidia.

Mimi na dada yangu tulipiga tarumbeta, safu ya pili, pamoja na binamu yetu mmoja. Dada alikuwa na miaka kumi na sita, mimi kumi na minne. Alipiga vizuri kuliko mimi. Hili nalo nimewahi kulikana, ila hili halina anayenibishia, kwa hiyo nalikiri bure. Jioni, baada ya mazoezi, alikuwa akienda nyuma ya jiko kupiga vitu vyake mwenyewe. Kimoja kati ya hivyo alikiita mkia: sauti tatu za kupanda, haraka haraka, kama mbuzi anayepanda kichuguu, halafu moja ya kuteleza mpaka chini. Alikuwa akiubandika mwisho wa wimbo wowote. Baba alikuwa akipiga kelele kutoka ndani ya nyumba, "Wewe! Mkia huo utakufuata!"

Siku tuliyomzika babu, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jua likatoka. Majani ya mihogo yaling'aa. Bendi yetu, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ilipiga kana kwamba tunajua tunachokifanya. Mwisho wa ubeti wa tatu kulikuwa na pumziko, na ndani ya pumziko lile mtu mmoja wa safu ya pili alipiga ule mkia. Ulichukua sekunde mbili. Sikukusudia dharau. Nilikuwa nimefurahi, na vidole vyangu vilisahau tuko kaburini. Hata hivyo pengine tungesalimika, kama mama mmoja kwenye umati asingecheka.

Jioni Baba alituweka mbele yake sote watatu. "Nani?"

"Si mimi, Baba," dada akasema.

"Si mimi," binamu akasema.

"Si mimi," nikasema mimi, mtoto aliyesoma kitabu hata akichunga mbuzi.

Mkia ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana. Hukumu haikuchukua muda. Tarumbeta la dada likafungwa kwenye gunia, likarudishwa kanisani, na yeye hakuruhusiwa kuligusa tena. Mimi nilibaki kwenye bendi. Na kwa kuwa nilibaki, mwaka uliofuata shule moja ya bweni upande wa Kenya, iliyokuwa ikitafuta wapiga tarumbeta, ikanipokea kwa karo nafuu. Kutoka bweni nikaingia chuo kikuu, na kutoka chuo kikuu nikaingia kwenye kazi hii ya kuwaeleza watu wengine namna ya kuishi. Nyuma ya vitabu vyangu huandikwa kwamba nimesomea fasihi. Mbuzi na kichuguu hawatajwi.

Dada aliolewa Kisoko. Analima, ana duka la mbegu na majembe, na soko zima linauogopa mdomo wake. Lakini tarumbeta likilia popote, harusini au kwenye kampeni, yeye hutoka. Huchukua mkoba wake na kuondoka kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria motoni.

Mara ya pili kumkana ilikuwa siku tuliyomzika Baba mwenyewe. Bendi ilipoanza, dada akaenda kusimama nyuma ya jiko, pale pale pa zamani. Nikamfuata. Akaniuliza bila hasira, "Baba amekwenda akijua ni mimi. Sasa hakuna wa kukuchapa. Mimi nataka kujua tu. Ulikuwa wewe, au yule binamu?"

Nami, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea, nikasema, "Mimi? Hapana."

Akanitazama kidogo. "Haya," akasema.

Tangu siku ile tumekuwa tukizungumza kila juma kuhusu bei ya mahindi. Alitaka neno moja tu kutoka kwangu, nililokuwa nalo, na sikulitoa.

Basi mwaka huu, siku moja, mume wake akanipigia simu. Shemeji yangu huyu ni fundi wa magari, mtu mkubwa, mwenye furaha isiyopimika. "Shemeji! Kuna klabu imefunguliwa Tororo. Wanapiga jazi, Jumapili saa kumi. Wewe si uliandika mambo ya jazi?"

Niliandika, kweli. Ilikuwa insha ndefu, yenye maneno kama "uhuru wa nafsi" na "mazungumzo ya ala," na niliiandika nikiwa sijawahi kuketi hata mara moja mbele ya mtu anayepiga jazi. Nilikuwa nimeisikiliza kwenye simu, nikiosha vyombo.

"Dada atakuja?" nikauliza.

"Nimemuuliza. Akasema, jazi si iko na tarumbeta? Nikasema sijui. Akasema, 'Basi wewe nenda ujue, mimi nakaa na kuku.'"

Jumapili hiyo, baada ya ibada, nilivuka mpaka wa Busia kwa miguu kutoka Kenya, ninakoishi. Afisa akakitazama kitambulisho changu, akaniuliza ninakwenda kufanya nini Tororo. Nikamwambia ninakwenda kusikiliza jazi. Akakirudisha kitambulisho kwa mikono miwili, kwa upole, kama anayemrudishia mgonjwa kadi ya kliniki.

Shemeji alikuwa ananingoja upande wa pili, amevaa suti ya kanisani na viatu vyeupe vya kuchezea rumba. Nikavitazama. Akajitetea kwamba bendi zote za ujana wake zilijiita jazi na zote zilipiga rumba, kwa hiyo yeye amejiandaa. Nilijaribu kumweleza, njia nzima mpaka Tororo, tofauti iliyopo. Nilitumia "uhuru wa nafsi." Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Lakini kucheza tutacheza?"

Klabu yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la saruji na mabati. Ilikuwa na meza kumi na mbili, ukuta wa mbele uliopakwa rangi ya samawati, na dirisha kubwa ambalo mwamba wa Tororo ulijaa ndani yake kama mgeni aliyekosa kiti. Watu wote walikuwa wametoka makanisani. Akina mama walikuwa wamevaa gomesi, yale magauni yenye mabega ya kuchongoka, wazee walikuwa na makoti, na mmoja alikuwa bado ameshika Biblia. Uani palikuwa na chungu cha pombe ya wimbi, na baadhi ya wanywaji, wasiotaka kukosa muziki wala chungu, walikuwa wameketi ndani na kuipitisha mirija yao mirefu dirishani. Wakivuta, mirija ilitikisika kwenye nondo za dirisha. Watu wetu wanafundishwa tangu utoto kwamba kupuliza mrija ni utovu wa adabu, kazi ni kuvuta. Pengine ndiyo sababu wapiga tarumbeta wazuri ni wachache.

Bendi ilikuwa ya watu sita. Kiongozi alipiga saksafoni, mwanamume mwembamba aliyekulia Kampala, mwenye kofia ndogo na heshima nyingi. Nyuma yake walikuwa mpiga kinanda, wa besi, wa tarumbeta, wa tromboni na wa ngoma. "Huyo wa ngoma anapigaga kanisani kwetu," shemeji akanong'ona. "Leo asubuhi alipiga mpaka pasta akamwambia apunguze."

Walianza bila kusema lolote. Besi ilitembea kwanza, kama mtu anayekuja akiwa hana haraka, halafu ngoma ikaanza kumtania, halafu kinanda kikaingia kwa mlango wa nyuma. Simu hainyanyui meza. Sauti ya besi ilipanda kwa miguu ya meza, ikapita kwenye soda yangu na kuingia viwikoni. Kisha saksafoni ikaanza kuongea, na nikagundua kwamba kila nilichokiandika katika ile insha kilikuwa kweli na kwamba sikuwa nimekielewa hata kimoja. Yule bwana alichukua kipande kidogo cha wimbo, akakigeuza, akakiangusha, akakiokota kwa upande mwingine. Wa tarumbeta akamjibu. Akamjibu tena kwa kumkebehi. Nilijikuta nacheka kwa sauti, mimi ambaye hucheka kwa pua.

"Hii si rumba," shemeji akasema, akitazama viatu vyake.

"Si rumba."

"Lakini nacheza," akasema, akasimama, akacheza. Na ilikubali! Mama mmoja wa gomesi ya kijani akamfuata, halafu meza nzima karibu na mlango. Mirija dirishani ikatikisika kwa mdundo. Nami nilikuwa napiga meza kwa kijiko, nje ya wakati, na hakuna aliyeniambia niache.

Baada ya nyimbo tatu za namna hiyo kiongozi akajipangusa uso. "Sasa tutulize moyo kidogo," akasema, akampa ishara yule wa tromboni.

Tromboni ikaanza polepole, peke yake.

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua kwamba nimesimama. Chumba kizima kilisimama. Shemeji akavua kofia, na mzee wa Biblia akaikumbatia kifuani. Mama wa gomesi ya kijani akaiweka chini chupa yake na kufunga mikono mbele. Waliokuwa kwenye mirija waliitoa midomoni, na hata kule uani kelele zikakatika. Jua la jioni lilikuwa limeushika ule mwamba, na hakuna aliyekohoa.

Kiongozi alitutazama. Nadhani katika maisha yake ya muziki hakuwahi kupewa heshima ya namna hiyo, tena kwa noti nne za kwanza. Akaweka mkono kifuani, akainama. Machozi yakamlengalenga. Kisha akaingia na saksafoni yake na wakaupiga wimbo ule kwa uzuri wa kutisha, na ulipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Tulisimama tu, vichwa chini.

Akainama tena. "Asanteni. Asanteni sana. Mnaweza kukaa."

Hakuna aliyekaa.

"Tafadhali, nyabo, mama yangu, kaa," akamwambia mama wa gomesi ya kijani.

Mama akatikisa kichwa. "Bado."

"Bado nini?"

"Ngoma bado."

Kiongozi akageuka kumtazama mpiga ngoma wake. Mpiga ngoma alikuwa amesimama nyuma ya ngoma zake, kofia mkononi, kichwa chini kama sisi. Alipoona anatazamwa akashtuka, akaketi, akaigonga ile ngoma kubwa kwa mguu. Mara moja. Akangoja, na hapo nina hakika alikuwa anafanya makusudi. Chumba kizima kilining'inia. Akaigonga ya pili, na tukaketi sote kwa pamoja, viti vikalia kwa mkupuo mmoja.

"Jamani," kiongozi akauliza kwa sauti ndogo, "nani amekufa?"

Sauti kutoka dirishani ikajibu, "Bado hatujaambiwa!"

Sijawahi kusikia chumba kikicheka vile. Mzee wa Biblia alicheka mpaka akaifungua na kujifunika nayo uso. Shemeji alipiga meza mpaka soda yangu ikaenda mapajani mwake. Mpiga ngoma alieleza jambo zima kwenye kipaza sauti, kwamba huku kwetu tromboni ikianza peke yake kuna mtu analetwa, na kiongozi akashika kichwa. "Kumbe nimewazika Jumapili!"

"Umetuzika vizuri!" mama wa gomesi akamwambia. "Endelea!"

Naye, badala ya kuona haya, akawaka. "Hebu nipigieni huo wenu," akasema. "Wimbo wa kaburini wenyewe. Mimi nitafuata."

Yule wa tromboni, ambaye kumbe alizaliwa Kirewa, huku huku kwetu, na alijua alichokuwa anakifanya tangu mwanzo, akauanza. Na ulikuwa ule ule. Ule tuliompigia babu. Watu wakauimba kwa sauti nne bila kugawana, maana kila mtu wa kwetu amezaliwa na sauti yake ya kwaya, na mpiga ngoma akaanza kuutembeza, akiuchochea kwa nyuma, mpaka wimbo ukasahau huzuni na kuanza kutikisa mabega. Sikuamini masikio yangu. Kiongozi akapaza sauti juu ya yote: "Nani hapa amewahi kupiga kwenye bendi za mazishi? Mkono!"

Nilikalia mikono yangu. Shemeji akauchomoa mmoja na kuuinua kama bendera. "Huyu! Huyu hapa! Baba yake alikuwa mwenye bendi!"

"Shemeji, niache! Nimesahau!"

"Mwandishi wa jazi anasahau?" akawaambia watu wa meza ya pili. "Ameandika kitabu kizima!"

"Ni insha!"

"Ni insha nzima!"

Nilisukumwa na mikono ambayo sikuijua. Mpiga tarumbeta akalifuta tarumbeta lake mdomoni kwa shati, akanipa. Lilikuwa zito kuliko nilivyokumbuka, na la moto. Nikaliweka mdomoni na kupuliza, na ilitoka sauti ya mwana-kondoo aliyekanyagwa mguu.

"Madamu, polepole, tarumbeta huyo ni mgonjwa!" mtu wa dirishani akaita.

"Alikuwa mzima, sasa hivi ndio ameugua!" mwingine akajibu.

Nikapuliza tena. Midomo ilikuwa imelala kwa miaka thelathini, ila haikuwa imekufa. Ubeti wa kwanza nilipata noti moja kati ya tatu. Wa pili, mbili kati ya tatu. Kufikia wa tatu nilikuwa siwazi tena. Jasho lilinitoka, miwani iliteleza, chumba kizima kilikuwa kinaimba usoni kwangu, mpiga ngoma alikuwa ananichochea kama moto, na tukafika mwisho wa ubeti, kwenye lile pumziko. Wote waliliacha wazi, kwa sababu kila mtu wa kwetu anajua kwamba pale huachwa wazi.

Vidole vyangu vikapiga mkia.

Tatu za kupanda, moja ya kuteleza. Mpiga ngoma akaidaka na kuipigia sahani yake ya shaba. Kiongozi akageuka, macho yametoka, akaunyooshea mkia wangu saksafoni yake, akaurudia noti kwa noti. "Tena!" Nikapiga tena. Akaugeuza. Nikamfuata nilivyoweza. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti, safari hii si kwa heshima. Mama wa gomesi ya kijani alicheka, kicheko kirefu, kilichofunguka chote, na nikamkumbuka yule mama wa siku ile kaburini. Labda hakuwa anatudharau. Labda alikuwa amefurahi na yeye.

Nikarudi mezani, watu wananipiga mgongoni. "Huo mkia, madamu! Umeutoa wapi huo?" mtu akauliza. Nikafungua kinywa kusema ni wangu. Nilikuwa nimeuzoea uongo wa upande mmoja tu, kwamba si mimi. Sasa nilikuwa karibu kuuiba mkia wenyewe mara ya pili, kwa upande wa pili. Watu wale walikuwa wanampigia makofi dada yangu, na dada yangu alikuwa Kisoko na kuku.

"Ni wa dada yangu," nikasema.

Shemeji alikuwa anatabasamu kwa simu yake. "Nimerekodi yote. Mpaka mwana-kondoo. Nimemtumia."

"Nani?"

"Dada yako! Nani tena? Aone mambo yako."

"Futa."

"Kwa nini? Ni nzuri."

"Shemeji, futa!"

Aliniona uso, akaacha kucheka, akanipa simu bila kuuliza zaidi. Video ilikuwa pale, na alama moja tu ya tiki kando yake. Kisoko mtandao hupotea jioni. Haikuwa imefika. Nikabonyeza, nikashikilia, na simu ikaniuliza kwa ustaarabu kama nataka kuifuta kwa kila mtu. Bendi ilikuwa imeanza wimbo mwingine, wa kasi, na mpiga tarumbeta alikuwa anajaribu mkia wetu mwishoni mwake, akiupenda, akiukosea. Nilisimama pale na kidole juu ya neno "Futa."

Nikamrudishia simu. "Iache," nikamwambia. "Iache iende."

Nikatoka uani, nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na chungu. Mtu mmoja akanisogezea mrija. Nikavuta. Shemeji akaja kusimama kando yangu, simu mkononi kama mtu aliyeshika yai. "Tiki mbili," akasema baada ya muda. Kisha, "Zimekuwa za bluu." Video ilikuwa ya dakika nne. Tulizihesabu, kila mtu kichwani mwake. Ndani walikuwa wanapiga makofi.

Simu iliyolia ilikuwa yangu.

"Dada," nikasema.

Nilisikia kuku wakigombania mahali pa kulala, na pumzi yake. Kisha akaupiga mluzi ule mkia, taratibu, mara moja.

"Ulianzia chini," akasema. "Mimi naanziaga juu. Ndiyo maana noti yako ya mwisho haina mahali pa kutelezea."

"Dada, ilikuwa mimi."

"Nimesikia. Nani mwingine anaanzia chini? Hata pale kaburini ulianzia chini, nikajisemea huyu ananiharibia kitu yangu. Lakini binamu naye alikuwa hajui juu wala chini. Miaka yote hii sikuweza kuapa kwamba ni wewe."

"Dada, nisamehe."

"Hiyo ngoja. Hao watu wanapiga tena lini?"

"Jumapili. Saa kumi."

"Hiyo tarumbeta uliyoshika, vitufe vya vidole vinarudi vizuri? Havikwami?"

"Cha katikati kinakwama kidogo."

"Waweke mafuta." Nilimsikia akimfukuza kuku. "Jumapili nitakuja. Lakini wewe asubuhi utanikuta Buteba, saa nne, kwa Baba. Utasimama hapo kaburini umwambie wewe mwenyewe. Mimi nitakaa nyuma yako, sitasema neno."

"Nitakuja."

"Na useme kwa nguvu," akasema dada yangu. "Mwisho-mwisho alikuwa hasikii vizuri." Akakata simu.